Jinsi ya kupanga digrii ya biashara mpaka semista ya mwisho kabla hujagonga mlango wa mshauri (wa Mtwara na Lindi someni)

Naandika hii ili kila vyuo vikifungua nisirudie kujibu kitu kile kile. Kaka kozi za kuchagua nachukua ngapi, kaka GPA (wastani wa pointi zako) inahesabiwaje, kaka mshauri wangu ni nani na nikifika kwake nasema nini. Wengine mko TIA (Taasisi ya Uhasibu) hapa Mtwara, wengine Stella Maris, wengine mnasoma Chuo Kikuu Huria huku mnafanya kazi Lindi au Masasi, na wengine ni watoto wa Newala na Nachingwea mnaosoma Dar au Dodoma. Popote ulipo kazi ni hii hii, kinachobadilika ni kanuni ndogo ndogo za chuo chako na nitakwambia wapi pa kuzitazama.

Shika hili kwanza: mshauri wa taaluma hakupangii digrii, anakagua mpango uliokuja nao. Ana vipindi, ana karatasi za kusahihisha, ana kundi zima la wanafunzi wa kuwashauri, sasa ukiingia mikono mitupu na kuuliza "mwalimu nifanyeje" atakujibu "soma kwa bidii" na utatoka na hicho hicho. Ukiingia na karatasi imejazwa semista zote sita, hata yule anayesifika kwa ukali anavuta kalamu anaanza kukurekebisha, hapa ondoa hii, hii huwezi kuichukua kabla ya ile. Hapo ndo unapata ushauri.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

- Prospektasi ya chuo (kile kitabu chenye programu na kozi zote), ya mwaka ulioingia wewe
- Kanuni za mitihani za chuo (mara nyingi ziko nyuma ya prospektasi au kijitabu chake peke yake, watu wengi hawajawahi kuzifungua mpaka siku wanapata sapu, yaani mtihani wa marudio)
- Almanaki ya mwaka huu, ile yenye tarehe za kusajili, testi, mitihani na fildi (mafunzo kwa vitendo)
- Matokeo yako yote ya nyuma, yatoe kwenye akaunti yako ya mwanafunzi, usiandike ya kukumbuka kichwani
- Barua ya udahili
- Kama ulitokea diploma, matokeo yako ya diploma
- Karatasi kubwa na penseli, au Excel kama unayo. Kalamu usitumie, utafuta sana
- Kikokotoo cha simu kinatosha

Tenga jioni moja nzima. Simu iweke mbali, isipokuwa kama prospektasi yenyewe iko kwenye simu, na hapo zima data.

HATUA YA 1: HAKIKISHA UMESHIKA PROSPEKTASI SAHIHI

Mitaala inabadilishwa kila baada ya miaka kadhaa na mara nyingi mliokuwepo mnamaliza na mtaala mlioanza nao. Unakuta mtu wa mwaka wa tatu katumiwa prospektasi mpya kwenye grupu la WhatsApp, anaona kozi ambayo hajawahi kuisoma, usiku halali, kumbe kozi ile ni ya walioingia nyuma yake. Kinyume chake ni kibaya zaidi, umeshika kitabu cha zamani alichokuachia kaka yako, unasoma kwa amani, halafu semista ya mwisho ndo unaambiwa kuna kozi ya lazima hujaigusa.

Ukishaipata nenda kwenye programu yako na jina liwe sawa neno kwa neno na lile la kwenye barua ya udahili. Uhasibu, utawala wa biashara, ununuzi na ugavi, mwaka wa kwanza mnakaa ukumbi mmoja mnasikiliza mwalimu mmoja kwa hiyo ni rahisi kudhani orodha ya kozi ni moja. Siyo moja, zinaanza kuachana mapema kuliko unavyodhani.

HATUA YA 2: CHORA JEDWALI LA SEMISTA SITA

Safu sita, semista mbili kila mwaka. Anza na kozi za lazima, ziandike kila moja kwenye semista yake pamoja na idadi ya krediti pembeni. Za kuchagua ziachie nafasi tupu kwanza, utazijaza hatua ya 5.

Kwa utaratibu wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) digrii ya miaka mitatu inaanzia krediti 360, maana yake 120 kwa mwaka na kama 60 kwa semista. Ukijumlisha jedwali lako ukapata 348 ujue kuna kitu umeruka, rudi uhesabu. TIA na taasisi nyingine zinazofuata NACTVET (baraza la elimu ya ufundi) utaona wanaongelea ngazi za NTA (tuzo za ufundi), digrii ni ngazi ya 8 na kabla yake kuna ya 7, usichanganyikiwe, jedwali linachorwa vile vile.

Krediti moja ni saa 10 za kazi yako yote, siyo za kukaa darasani tu, humo kuna kujisomea, asaimenti, semina na mitihani. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Semista yenye krediti 60 ni saa 600, ukizigawa kwa wiki 15 unapata saa 40 kila wiki. Hiyo ni kazi ya ofisini kabisa, asubuhi mpaka jioni siku tano. Nimeiweka makusudi kwa wale mnaopanga kukaa dukani kwa mjomba Chikongola kila siku kuanzia saa nane mchana mpaka usiku, sisemi usifanye, wengi tunasoma kwa pesa ya hivyo, ila fanya hesabu kabla ya kumkubalia mjomba, na semista ambayo utakuwa kazini zaidi usiirundikie kozi ngumu za kuchagua.

HATUA YA 3: CHORA MISHALE

Hii watu wanairuka na ndo inayowachelewesha kumaliza. Kuna kozi ambazo huruhusiwi kuzichukua mpaka uwe umefaulu nyingine kwanza, prospektasi inaonyesha kwenye maelezo ya kila kozi. Chukua penseli chora mshale kutoka ile ya kwanza kwenda ile inayoifuata.

Kwenye biashara minyororo miwili mikubwa huwa hivi. Wa kwanza ni uhasibu: misingi ya uhasibu, kisha uhasibu wa kati, kisha kodi, ukaguzi na usimamizi wa fedha vinakaa juu yake. Wa pili ni namba: hisabati za biashara, kisha takwimu, kisha mbinu za utafiti, kisha ile ripoti ya utafiti ya mwaka wa mwisho. Ukitazama utaona hisabati za biashara ya semista ya kwanza, ile ambayo watu wanaidharau wanasema nitaikeri tu (nitaibeba niirudie mbele), imeshikilia mpaka ripoti ya mwaka wa tatu.

Ukimaliza kuchora, zungushia duara kozi zenye mishale mingi inayotoka. Hizo ndo za kupewa muda mwingi. Kozi isiyo na mshale hata mmoja ukiipata C imekuumiza GPA basi, ila kozi yenye mishale mitatu ukianguka umesogeza semista nzima.

Angalizo: kozi nyingine zinafundishwa mara moja tu kwa mwaka. Ukiianguka ya semista ya kwanza usitegemee kuikuta semista ya pili, inarudi mwaka unaofuata. Andika pembeni ya kila kozi ya duara inafundishwa semista gani.

HATUA YA 4: JIFUNZE KUPIGA GPA MWENYEWE

Usisubiri mfumo ukwambie. Vyuo vyetu vingi vinatumia pointi hizi: A (70 na kuendelea) ni 5, B+ (60 hadi 69) ni 4, B (50 hadi 59) ni 3, C (40 hadi 49) ni 2, D ni 1 na hiyo tayari ni kuanguka. Unazidisha pointi kwa krediti za kozi, unajumlisha zote, unagawa kwa jumla ya krediti. Mfano:

Misingi ya uhasibu, krediti 12, B+ = 48
Hisabati za biashara, krediti 12, C = 24
Uchumi, krediti 12, B = 36
Misingi ya uongozi, krediti 10, B = 30
Stadi za mawasiliano, krediti 8, A = 40
Kompyuta, krediti 8, B+ = 32

Krediti 62, pointi 210. 210 gawa kwa 62 ni 3.38. Vyuo vingi vinakata desimali badala ya kukadiria kwenda juu, kwa hiyo inasomeka 3.3, uliza chako kinafanyaje. Sasa tazama, hisabati ile ingekuwa B badala ya C ungepata pointi 222, gawa kwa 62 ni 3.58, umeshavuka 3.5. Kozi moja.

Kosa la kila siku hapa ni kujumlisha GPA ya semista ya kwanza na ya pili ukagawa kwa mbili. Inakubali tu kama krediti za semista zote mbili ziko sawa sawa, zikitofautiana unajidanganya. Jumlisha pointi zote, gawa kwa krediti zote.

Madaraja kwa kawaida ni haya: 4.4 mpaka 5.0 daraja la kwanza, 3.5 mpaka 4.3 daraja la pili la juu, 2.7 mpaka 3.4 la pili la chini, 2.0 mpaka 2.6 pasi. Kila mtu anataka 3.5, na mtu akiwa mwaka wa kwanza na 3.1 anasema nitapandisha mbele. Haya tupige hiyo mbele. Mwaka wa kwanza krediti 120 kwa 3.1 ni pointi 372. Ili umalize na 3.5 kwenye krediti 360 unahitaji pointi 1260. Zimebaki 888 za kutafuta kwenye krediti 240, yaani wastani wa 3.7 miaka miwili iliyobaki. Inawezekana, watu wanafanya. Ila ukisubiri ukamaliza na mwaka wa pili ukiwa bado na 3.1, una pointi 744, zinabaki 516 kwenye krediti 120, hiyo ni 4.3 mwaka mzima. Mwaka wa tatu una fildi nyuma yake, una ripoti ya utafiti, una stresi za kutafuta kazi, 4.3 mtu hapati kwa bahati. Kwa hiyo kupandisha ni mwaka wa pili, ukiusubiri wa tatu umechelewa.

Na kabla ya mtihani wa mwisho pia piga. Kama chuo chako kinatoa 40 za ndani na 60 za mtihani wa mwisho na umeingia na 22, B unahitaji 28 kati ya 60, B+ unahitaji 38, A unahitaji 48. Ukijua hivyo kwa kila kozi utajua wiki ya mwisho usiku wako uupeleke wapi, badala ya kusoma kozi unayoipenda tu.

HATUA YA 5: CHAGUA MKONDO, KISHA UJAZE ZILE NAFASI TUPU

Uhasibu, fedha, masoko, rasilimali watu, ununuzi na ugavi. Hapa ndo nina maneno mengi kidogo mnivumilie.

Usichague kwa tetesi. Huku kwetu tetesi kubwa siku zote ni gesi. Bomba la kwenda Dar limekamilika 2015, mtambo uko Madimba, na mradi wa LNG (kugeuza gesi kuwa kimiminika ili isafirishwe) pale Likong'o Lindi umezungumzwa miaka na miaka. Kuna watu walichagua kozi zote za kuchagua kwa kufikiria ajira za LNG tu na wamehitimu mradi bado uko kwenye mazungumzo. Ukitaka gesi sawa, ila chagua mkondo utakaokulisha hata mradi ukichelewa.

Tazama kinachozunguka pesa kila mwaka bila kukosa: korosho, ufuta na mbaazi kupitia stakabadhi ghalani, AMCOS (vyama vya msingi vya wakulima) na vyama vikuu kama TANECU, MAMCU, RUNALI na Lindi Mwambao, maghala, benki, bandari ya Mtwara, kiwanda cha saruji cha Dangote, halmashauri zetu. Wote hao wanahitaji mtu wa vitabu vya hesabu na mtu wa ununuzi na ghala. Sisemi masoko haina kazi, nasema wa masoko ajue mapema kwamba kazi nyingi za huku atazikuta kwenye usambazaji na mauzo ya kuzunguka kwenye wilaya, ofisi za matangazo ziko Dar.

Bodi za kitaaluma ziangalie sasa hivi. Wa uhasibu unaelekea NBAA (bodi ya wahasibu) ukatafute CPA (cheti cha mhasibu aliyeidhinishwa), mitihani yao mikuu huwa Mei na Novemba. Wa ununuzi unahitaji usajili wa PSPTB (bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi). Bodi zinatoa msamaha wa baadhi ya masomo kulingana na digrii uliyosoma, kwa hiyo chukua orodha ya masomo ya bodi, weka pembeni ya kozi zako za kuchagua, ukiona kozi mbili zinakuvutia sawa chagua ile inayogusa somo la bodi. Wa ununuzi pia hakikisha unapata pa kujifunzia mfumo wa NeST, manunuzi ya serikali yanapita humo tangu 2023.

Kosa: kuchagua kozi kwa sababu rafiki zako wote wameichagua au mwalimu wake anagawa A. Ya pili nakubali inavutia, na moja ya hivyo kwenye semista nzito haina dhambi. Ikifika tatu transkripti inaonekana haina mkondo, na kwenye usaili ndo swali la kwanza.

HATUA YA 6: PANGA FILDI KWA MSIMU

Vyuo vingi vinaweka fildi kati ya Julai na Septemba. Minada ya korosho inaanza kama Oktoba. Umeona tatizo. Mtu anaomba fildi kwenye AMCOS akitegemea kuona mnada, anakuta ghala tupu na karani anahangaika na madeni ya pembejeo. Siyo hasara, pembejeo na maandalizi ya msimu ni kazi nzuri ya kujifunza na hata ripoti yake inakuwa tofauti na za wenzako, ila nenda ukijua. Ukitaka minada yenyewe, Julai hiyo ufuta bado unauzwa Lindi na mbaazi zinaanza, andika barua ukieleza unataka kuona hiyo. Minada sa hivi inapita kwenye mfumo wa TMX (soko la bidhaa), omba uoneshwe jinsi bei inavyoingia.

Barua peleka Machi au Aprili. Bandarini, benki na Dangote wanapata barua nyingi na nafasi zinajaa mapema, ukipeleka Juni utaishia kwenye duka la vifaa vya ujenzi unabeba nondo. Na fildi ioane na mkondo wako, maana watu wengi ripoti yao ya utafiti ya mwaka wa tatu inatoka pale pale walipofanya fildi, data zipo, watu wanakujua.

HATUA YA 7: SASA NENDA KWA MSHAURI

Jina lake liko kwenye ubao wa idara au kwenye akaunti yako, kama halipo muulize katibu wa idara, usianze na mkuu wa idara. Mtumie ujumbe siku mbili tatu kabla, wa kawaida tu:

"Shikamoo mwalimu. Naitwa (jina kamili), mwaka wa pili utawala wa biashara, namba ya usajili (namba). Wewe ni mshauri wangu wa taaluma. Nimeandaa mpango wa kozi zangu mpaka mwaka wa tatu, naomba dakika kumi na tano unikagulie kabla usajili haujafungwa. Nina nafasi Jumanne na Alhamisi mchana. Asante mwalimu."

Usitume "mambo sir upo ofisini?" saa nne usiku. Na usimpigie simu mfululizo, hata kama ni mtu wenu wa Tandahimba mnafahamiana nyumbani.

Ukifika toa karatasi, kaa kimya aitazame. Halafu uliza haya kwa utaratibu:

Kuna kozi ya lazima nimeisahau? Kuna mshale nimeukosea? Hizi za kuchagua zitafundishwa kweli mwaka huo? (hili la mwisho ni muhimu sana, kozi ipo kwenye prospektasi lakini mwalimu wake ameenda kusoma, haifundishwi miaka miwili, na prospektasi haitakwambia). Kwa GPA hii niliyo nayo semista hii nipunguze au nibaki hivi hivi?

Kama una jambo linalokuvuruga masomo, ada, ugonjwa, mimba, msiba nyumbani, liseme hapo. Wengi wanaona aibu wanakaa nalo mpaka matokeo yatoke, na matokeo yakishatoka barua yako inasomwa kama kisingizio. Mshauri akijua mapema anaweza kukuelekeza kwa mshauri wa wanafunzi (dean, siyo huyu wa taaluma) au kukuandikia.

Kabla hujatoka muombe asaini na aweke tarehe kwenye karatasi yako. Piga picha. Walimu wanahama, wanaenda masomoni, mshauri mpya akikuta saini ya mwenzake hamuanzi sifuri.

HATUA YA 8: SAJILI KOZI, USIACHE KWA SIARA

Siara (CR, mwakilishi) wa darasa anaweza kukukumbusha tarehe, hawezi kukusajilia. Ingia mwenyewe kwenye mfumo, chagua kozi zilizo kwenye mpango, soma msimbo wa kozi herufi kwa herufi kwa sababu kuna kozi zina majina pacha, thibitisha, piga skrinshoti yenye tarehe. Rudi baada ya siku mbili uone kama zimebaki. Unaweza kusoma kozi semista nzima, ukafanya testi zote, jina halipo kwenye orodha ya mtihani kwa sababu hukubonyeza kuthibitisha.

Kubadilisha kozi kuna dirisha lake, huwa ni wiki za mwanzo tu, lipo kwenye almanaki. Likifungwa ni barua na kusubiri.

HATUA YA 9: KILA MATOKEO YAKITOKA, RUDI KWENYE KARATASI

Jaza, piga GPA upya, futa sogeza. Dakika ishirini.

UKIKWAMA

Nimepata sapu. Usikimbie nyumbani. Tazama tarehe za sapu kwenye almanaki na kama kuna malipo lipa mapema. Vyuo vingi ukifaulu sapu unaandikiwa C hata ukipata 80, kwa hiyo kwenye hesabu yako ya GPA weka pointi 2 tangu leo. Kisha tazama kozi hiyo ina mishale mingapi, ndo utajua uzito wa tatizo.

Nimekeri kozi. Iweke kwenye jedwali semista inayofundishwa, kisha angalia ratiba isigongane na kozi za mwaka wako. Zikigongana nenda kwa mshauri kabla ya usajili, pengine itabidi moja ya kuchagua uisogeze. Kozi ya kukeri ndo ya kwanza kusajiliwa, siyo ya mwisho.

Naogopa kudisko (kuondolewa chuoni kwa matokeo mabaya). Fungua kanuni za mitihani, kiwango cha GPA na idadi ya kozi kimeandikwa humo, acha kuuliza kwenye grupu. Ukiwa karibu na mstari huo muone mshauri semista inapoanza. Wenye bumu mkumbuke mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo) unaendelea kwa aliyefaulu kuingia mwaka unaofuata, kwa hiyo kurudia mwaka siyo aibu tu, ni bajeti.

Ada haijakamilika, mzee anasubiri malipo ya korosho. Hili ni letu kabisa. Chuo kinafungua Oktoba au Novemba, pesa ya mnada inaingia benki ya mkulima baadae, wakati mwingine Desemba. Wengi wanasubiri pesa ndo waende kusajili, na dirisha limefungwa. Lipa kidogo ulichonacho upate usajili, kisha andika barua ya kuomba kulipa kwa awamu kupitia kwa mshauri wa wanafunzi, ambatisha stakabadhi ya ghala ya mzazi. Fanya kabla ya wiki ya mtihani, maana wiki hiyo mlango wa uhasibu una foleni mpaka uwanjani.

Mshauri hapatikani. Jaribu ujumbe, jaribu saa za ofisi zilizobandikwa mlangoni, mwachie nakala ya mpango kwa katibu wa idara ikiwa na namba yako. Wiki ikipita nenda kwa mkuu wa idara na useme kwa adabu kwamba usajili unafungwa tarehe fulani na unahitaji mtu wa kukukagulia. Usimshtaki mtu, omba huduma.

Nilisoma diploma, mbona narudia masomo yale yale? Uliza ofisi ya udahili kuhusu kuhamisha krediti, ila uliza wiki za mwanzo za mwaka wa kwanza ukiwa na matokeo yako na maelezo ya kozi ulizosoma. Kwingine wanakubali, kwingine hawakubali kabisa. Wakikataa, kozi hizo ndo za kukupa A, usizidharau.

Nataka kuhama programu. Linganisha majedwali mawili, la sasa na la unakotaka kwenda, hesabu kozi zinazofanana. Mwaka wa kwanza semista ya kwanza unahama na hasara ndogo. Mwaka wa pili kuendelea karibu unaanza upya, na wenye mkopo mzungumze na afisa mikopo wa chuo kabla ya kusaini fomu yoyote.

Naumwa au nimepata ujauzito, nahofia semista. Kuahirisha kunaruhusiwa lakini ni kwa barua na vielelezo vya hospitali, na kibali kiwe mkononi kabla hujaondoka. Kutoonekana tu kwenye mtihani bila barua kunahesabiwa utoro. Ukiwa umeshafanya testi zote na umezuiwa na ugonjwa wiki ya mtihani tu, omba mtihani maalum badala ya kuahirisha semista nzima, kwa kawaida huo hauwekewi kikomo cha C kama sapu.

Matokeo ya kozi moja hayaonekani. Nenda kwa mwalimu wa kozi kwanza na skrinshoti ya usajili na namba zako za testi, kisha ofisi ya mitihani. Kuna muda maalum wa kulalamikia matokeo baada ya kutangazwa, ukipita hawakupokei hata ukiwa na haki, tarehe yake iandike kwenye lile jedwali.